Radhi Hewani

Kuuza redio si kama kuuza shamba la Kang'ata, mkamwita mwenyekiti wa kijiji mkamaliza. Wakili wa wanunuzi alitueleza hivyo mara mbili, akinikazia macho mimi mtangazaji: leseni haihami mpaka mamlaka ya mawasiliano iridhie. Kabla ya hapo redio ni ya mzee wetu, na mtu asithubutu kutaja mauzo hewani.

Mzee alikuwa anauza kwa sababu ya moyo. Daktari alishamwambia kwamba umechoka, naye aliogopa kufa na kituo chake.

Wiki ile ile akaingia studio nikisoma matangazo ya vifo. Nikamwamkia kwa ishara, akakaa, akavuta kipaza sauti. "Ndugu zangu wa Korogwe na Handeni, niliyemkosea anisamehe. Redio nimeshawakabidhi wenzetu wa Dar. Mimi ndiyo natoka."

Kidole changu kilikuwa juu ya kitufe cha kumzima. Jamani, mtu mzima anaomba radhi, unamkatiaje sauti? Kwetu mtu haondoki hivi hivi. Nilimwacha amalize, na hata leo ningemwacha.

Mchana watu wa Mashewa wakaanza kuja na kuku, wakidhani yuko mahututi. Jioni ikaja simu ya mamlaka: kituo hicho sasa kinaendeshwa na nani? Kumbe nao wanasikiliza! Tangu hapo chakula hakikupanda, kila simu ikilia naona tumeshafungiwa.

Mzee akaitwa kujieleza, nikamsindikiza. Alipoulizwa redio ni ya nani, alijibu, "Ni yangu, wanangu. Nilikuwa naaga tu." Wakampa onyo, wakatuacha hewani. Nusura nipige vigelegele mle ndani. Lakini wanunuzi waliingiwa na woga, wakajitoa.

Tuliporudi Masuguru, mlangoni kwake nyuma ya studio, akaniuliza, "Mwanangu, radhi nimeshaomba. Sasa nikae nafanya nini?"

"Ukae tu, baba, mpaka tupate mnunuzi mwingine."

Basi anakaa. Mnunuzi hajapatikana, leseni bado ni yake, na miguu imeanza kumvimba. Kila asubuhi, kabla sijawasha mitambo, nasimama chini ya dirisha lake nisikilize kama bado anakohoa.