Piano ya Keziah Holbrook

Pale kwetu Keene, miaka ile, nyumba yenye piano ndiyo iliyohesabiwa nyumba ya waungwana. Asahel Holbrook alikuwa ametajirika kwa kiwanda chake cha ngozi, lakini harufu ya ngozi ilimfuata mpaka kanisani. Basi akaagiza piano kutoka Boston, ikaja ikiburutwa na farasi juu ya theluji, na mlango wa sebule ukang'olewa ipate kupita.

"Hii ni ya Philena," akamwambia mkewe, Keziah. "Binti anayepiga piano haolewi na mchuna ngozi."

"Mimi niliolewa na mchuna ngozi. Mbona sijafa?"

Mwalimu akaletwa. Philena alipenda farasi tu. Piano aliipiga kama anayeponda viazi. Keziah alikaa pembeni akishona, masikio wazi, na mwalimu akishaondoka tu, kiti kikawa chake. Vidole vyake vilikuwa vimeshika rangi ya magome ya mwaloni yanayotumika kulainisha ngozi, tangu enzi za kumsaidia mumewe kiwandani, rangi isiyosikia sabuni.

Asahel akamfuma, akacheka. "Mama Philena, uzeeni huku?"

"Uzee wa nani? Kaa usikilize."

Akakaa, na kicheko kikaisha.

Theluji ilipoyeyuka, Bibi Lathrop, mke wa jaji, akaja kunywa chai na wanawake wenzake. Kila mtu alijua amekuja kumpima Philena kwa ajili ya mwanawe.

"Haya binti, tuburudishe."

"Mimi nyimbo naziua tu, Bibi," Philena akasema. "Fundi ni mama."

Asahel akawa mwekundu kama tufaha. Bibi Lathrop akaviangalia vidole vya Keziah. "Kwa vidole hivyo?"

"Ndivyo nilivyo navyo," Keziah akasema, akaketi.

Akapiga wimbo wa dansi. Mahali pamoja akateleza. Akarudi nyuma, akapapitia upya bila haya, akaendelea. Chini ya meza, viatu vya Bibi Lathrop vilikuwa vikigonga sakafu.

Posa haikuja. Philena aliolewa na mfuga farasi wa Walpole, akafurahi. Lakini wiki ile ile ya chai, Bibi Lathrop aliwaleta binti zake wafundishwe, na mama yangu, asiyetaka kupitwa, akanileta mimi. Keziah alikuwa mkali. Ukikunja mgongo, unaanza wimbo upya. Kufikia wakati nilipoolewa, hakuna aliyemwita tena mke wa mchuna ngozi. Mji mzima ulimwita Mwalimu, mumewe akiwemo.