Mzee Niliyembishia Gizani

Haya, nacheka sasa kwa sababu miaka imepita, lakini aibu yenyewe bado ninayo, na kabla hamjanihukumu mjue nilishajihukumu mwenyewe, kwa hiyo msijisumbue. Nilimwita baba mkwe wangu mchoyo. Nilimwita hivyo mbele ya watu, sebuleni kwangu, yeye akiwa amekaa kwenye kochi langu, na baba mkwe mwenyewe ni Mnyakyusa. Kama hujawahi kuolewa Unyakyusa, ngoja nikueleze uzito wake.

Kule, enzi zile za miaka ya sabini, mkamwana hakutani na baba mkwe. Sisemi anamwogopa, la, hakutani naye kabisa: ukimwona anakuja njiani unaingia kwenye migomba, akiingia nyumbani wewe unatokea mlango wa nyuma, jina lake hulitaji, sauti yako asiisikie. Mimi ni Mhehe, nimekulia karibu na Tosamaganga, na kwetu mkwe anaheshimiwa pia, lakini unapiga goti, unamsalimia "kamwene", maisha yanaendelea. Kwa hiyo nilipoolewa na Ambakisye nikafundishwa upya na mama mkwe, na nikashika (nilijiona hodari kweli). Miezi minane ya ndoa, baba mkwe nilimjua kwa picha iliyotundikwa ukutani tu. Sauti yake sikuwahi kuisikia hata mara moja.

Ambakisye alikuwa bwana shamba hapa Mbeya, na kazini walikuwa na mashine ya sinema ya kuonyeshea wakulima vijijini. Jumamosi akirudi safari anakuta ofisi imefungwa, basi Jumapili mashine inashinda kwetu. (Mkubwa wake hakujua. Baadaye alijua.) Tulikuwa tunasogeza kochi, tunatundika shuka jeupe ukutani, tunaziba madirisha kwa mablanketi maana ni mchana, halafu majirani wanaingia mmoja mmoja na vigoda vyao. Filamu ilikuwa moja tu, hiyo hiyo, na spika ilikufa zamani, kwa hiyo maneno tulijitilia wenyewe.

Ilihusu mzee mmoja mwenye wana wawili. Shamba zuri la bondeni kampa mkubwa, mlevi, na mdogo kampa mlimani kwenye mawe, mdogo anatia mbolea, anapanda kwa mistari, mwisho anavuna mahindi mpaka magunia yanakosa pa kukaa. Basi, ndiyo hadithi yote. Tumeitazama labda mara kumi na tano na kila mara tumegombana. Jirani yangu Mama Zuhura, mke wa mwenye duka la vitambaa, watu ambao wazee wao walitoka pwani, yeye alimtetea mke wa yule mlevi: "Mnamlaumu bure, kaolewa na chupa, afanyeje?" Ambakisye alikuwa upande wa mbolea, ndiyo kazi yake. Mimi nilisema kosa lote ni la mzee, nilisema kila Jumapili, na mwisho watu wakachoka kunijibu.

Sasa, wakati huo nilikuwa na barua. Nilikuwa nimekubaliwa kusomea ukunga huko Iringa, miaka miwili, na walitaka jibu kabla mwezi haujaisha. Ukunga niliutaka tangu nikiwa darasa la tano, niliutaka kuliko nilivyotaka kuolewa (Ambakisye anajua, nilimwambia mwenyewe). Lakini mke mpya kuondoka nyumbani miaka miwili si jambo la watu wawili kuamua. Ambakisye alimwandikia baba yake Tukuyu, tukakaa tunangoja neno lake. Bila hilo neno hakuna ukunga.

Jumapili yenyewe niliaga kwamba nashinda kwa Mama Zuhura kumsaidia kukaanga sambusa za shughuli yao. Kawaida mgeni mzito wa kwao akija, Ambakisye hunitumia habari mapema nami nikatoka kwa nyuma. Siku ile baba yake alishuka kwenye basi bila taarifa, na Ambakisye akaona hakuna haja ya kunitafuta, mke si hayupo? Mimi huku nakaanga. Saa nane tukasikia mashine inanguruma.

"Shoga, wameanza bila sisi!" Mama Zuhura akasema.

"Waache, si tunaijua yote."

"Twende tukaone kile kipande cha mzee tu, tunarudi."

Nikaepua karai. Hilo ndilo kosa langu, kuepua karai, mengine yote yalijifuata yenyewe. Tukapita mlango wa nyuma, bila hodi wala nini, maana nani anapiga hodi kwake? Ndani giza, vichwa saba au nane, Ambakisye simwoni (alikuwa ametoka kumnunulia mgeni soda, hili nimelijua baadaye). Tukabanana chini, karibu na mlango. Kipande chetu kikafika, mzee anaonyesha kwa fimbo, wewe bondeni, wewe mlimani, nami kama kawaida yangu nikasema, "Mtazameni mchoyo huyu."

"Mchoyo kwa lipi?" ikajibu sauti nzito kutoka kwenye kochi. "Shamba si lake?"

Sauti ngeni. Nikadhani ni mgeni wa yule dereva tunayepakana naye. Na nisiwadanganye, nilifurahi, kwa miezi sikuwa nimepata mtu wa kunijibu.

"Lake, sawa. Atazikwa nalo?"

"Mkubwa ni mkubwa. Ukimpa mdogo bondeni, ukoo utasemaje?"

"Ukoo ndio unalima? Wazee wa namna hii kazi yao kukalia kitu. Hakitumii, hakitoi, anangoja aombwe kwa magoti!"

Watu wakaangua kicheko, Mama Zuhura akanipiga bega, "Mpe, shoga, mpe!" Sauti ikauliza taratibu, "Wewe mama, umeolewa wapi?"

"Nimeolewa Tukuyu, baba yangu," nikasema, na hapo ningenyamaza ningekuwa nimepona, lakini mdomo ukishapata moto. "Na mzee wangu wa huko yuko hivi hivi. Barua yangu wiki ya tatu hii ameiatamia kama kuku!"

Kochi likalia, kisha kimya. Nikajua nimemshinda.

Mlango wa mbele ukafunguliwa, mwanga ukaingia, na Ambakisye akasimama pale na chupa mbili mkononi. "Baba, nimepata ya chungwa ..." Akaniona. Nami nikageuka kwenye kochi, nikaona koti jeusi, kofia magotini, na uso wa kwenye picha. Tulitazamana, mimi na yule mzee, macho kwa macho, kitu ambacho hakitakiwi kutokea hata kwa bahati mbaya. Ambakisye akaufunga mlango tena. Mpaka leo hawezi kunieleza kwa nini aliufunga, nadhani alitumaini giza litarudisha mambo yalivyokuwa.

Nilipaswa kutoka kwa nyuma, lakini Mama Zuhura (mama mnene, Mungu amrehemu) alikuwa amejaa mlangoni na hajui lolote. Nikaenda mbele. Nikalivuta lile shuka la sinema ukutani, misumari na vyote, nikajifunika gubigubi, nikasimama hapo hapo. Mashine haikujali, ikaendelea kuonyesha filamu juu yangu mimi.

"Mahindi yanaota tumboni kwa shemeji!" mmoja akapiga kelele, na nyumba nzima ikacheka, wakidhani ni mchezo wangu mpya. Chini ya shuka nikasikia mtu anainuka, anajigongagonga kwenye vigoda, anatoka. Soda hakuigusa. Nililia, na nawaambia kweli, sikulilia mila yao, nililia barua.

Ng'ombe wa faini alipelekwa Tukuyu, kama walivyodai, wazee wakakaa, wakala, kwa upande wa mila yakaisha. Wiki hiyo hiyo mama mkwe akaja, akaketi nami jikoni, akanisaidia kumenya viazi, halafu akauliza, "Mwanangu, unajua siku ile alikuja kufanya nini?"

"Kuleta jibu, mama."

"Alikuwa ameshakubali. Alitoka nyumbani na neno moja tu, aende. Aliketi kutazama kile kitu kwa sababu mwanawe alimwambia ni cha kilimo."

Nikaacha kumenya. "Basi si aseme sasa, mama! Ng'ombe si ameshaliwa?"

Akanitazama kwa huruma, huruma ya kweli. "Atasemaje? Majirani zenu wote walisikia. Akisema aende, si itakuwa mkamwana amemshinda?"

Mwezi ukaisha, nafasi akapewa binti mwingine. Nilikwenda baada ya miaka mitatu, nina mtoto mgongoni, nikakaa darasani na wasichana wanaoniita mama, na ruhusa yenyewe ililetwa kimya kimya siku ambayo hakuna aliyekuwa anaikumbuka tena ile sinema isipokuwa sisi wawili, mimi na yeye.

Kuhusu yule mzee wa kwenye filamu, rai yangu haijabadilika. Kosa ni lake. Ila siku hizi nikitaka kulisema hilo, nawasha taa kwanza, namtazama kila aliyeketi usoni, halafu nanyamaza.