Watoto Zilioni

Kwetu kuku walihesabiwa kila jioni, na mbuzi pia, lakini mtoto hakuhesabiwa. Ukitamka mbele za watu kwamba una watoto watano, ni kama umewapanga mstari ili asiyewatakia mema achague. Kwa hiyo mama akiulizwa ana watoto wangapi alijibu "wapo kibao", au "tele, tunashukuru", kisha haraka haraka akauliza habari za mahindi ya mwenzake.

Hicho kibao kilikuwa mimi peke yangu. Wengine wote walikuwa nyuma ya nyumba, kwenye vichuguu vidogo vilivyozungushiwa mawe. Surua na homa ziliwachukua kabla hawajajua kufunga vifungo vya shati. Mama akifagia uwanja asubuhi alifika mpaka huko, na ufagio haukupunguza mwendo. Jibu lake lilikuwa na nafasi yao. Alichoogopa ni kutokea mtu asiyeridhika na kibao, anayetaka idadi, naye alazimike kuwatoa watoto wake mmoja mmoja kwa mdomo wake mwenyewe.

Nyumba yetu ilisimama peke yake katikati ya mashamba, unapotoka Kilosa kwenda Mikumi. Mimi, mtoto wa kiume, nilimaliza sekondari nikarudi kukaa. Wenzangu walikwenda Morogoro na Dar es Salaam kujenga taifa. Mimi nilijenga banda la kuku, likaanguka. Kaka yake mama, aliyekuwa akikata mkonge Rudewa, alikuwa akitutembelea mwisho wa mwezi na sukari, na hakunisamehe.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwali. Bado uko ndani tu? Posa zimefika ngapi?"

Kutoka shuleni nilirudi na maneno, basi. Mwalimu wetu wa Kiingereza alipenda kukuza mambo. Makosa yangu kwenye daftari hayakuwa kumi wala ishirini, yalikuwa zilioni. Nikaitafuta zilioni kwenye kitabu cha hesabu, haimo. Nilipomwuliza alicheka sana, akasema ile si namba, ni neno la mdomoni tu, na Waingereza wanayo mengine ya aina hiyo. Wanayatumia pale ambapo vitu ni vingi na mtu hana haja ya kujua ni vingapi.

Nikamsimulia mama siku moja akipepeta mahindi, mjomba akiwapo.

"Hiyo zilioni ni ngapi?" aliuliza mama.

"Haina ngapi, mama. Ni nyingi tu, basi."

"Na wenyewe hawagombani?"

"Hawagombani."

"Kumbe nao wana akili."

"Miaka minne ya shule, dada," mjomba alisema, "na mwanao karudi na namba isiyohesabika! Bora angerudi na chawa, tungejua la kufanya."

Mama hakucheka. Tangu siku ile, kisimani akiulizwa habari za watoto alijibu kwa upole, "Nina zilioni." Wanawake wengine walidhani ni jina la ugonjwa, wakampa pole.

Halafu ikaja habari ya kuhamia vijijini. Bwana mmoja wa ofisini alifika kutoka Kilosa, akasimama juu ya kiti, tena kiti chetu, akatuambia tutasogezwa karibu na barabara. "Maji yatakuwa bwelele! Shule, zahanati, matrekta kibao!"

"Kibao chake kiko wapi?" mama alininong'oneza.

"Anasema kinakuja."

"Changu kipo." Akainua mkono. "Baba, na watoto walioko nyuma ya nyumba?"

Yule bwana alidhani wanacheza huko. Walipomwelewesha aliinamisha kichwa kidogo. "Pole, mama. Lori ni la walio hai. Na huko viwanja vinatolewa kwa kaya, kwa hiyo kila mmoja aseme idadi kamili ya watoto wake. Idadi kamili, si kibao."

Siku ya kuhama mama alifagia kama kawaida, mpaka kwenye mawe, akauacha ufagio hukohuko. Mimi nilipewa kazi ya kung'oa mlango, kwa sababu tuliambiwa mabati na milango havitapatikana upesi. Mjomba alikuja kusaidia kupakia.

"Oneni," alisema, "mwali leo katolewa nje na mlango wake."

Watu hawakucheka. Mzaha ule ulikuwa mzuri, lakini siku ilikuwa mbaya. Lori lilipofika barabarani tuliona moshi upande wa kwetu, maana nyasi za mapaa zilichomwa ili watu wasirudi. Mama alikuwa ameketi kwa kuipa nyumba mgongo, na hakugeuka.

Kijiji kipya kilikuwa vigingi na mavi ya tembo. Karani alikaa mezani juani, sisi kwenye foleni, mimi na mlango wangu mgongoni.

"Watoto wangapi, mama?"

Mama alifunga upya kanga yake kiunoni, taratibu. Nyuma yetu watu wakaanza kuguna.

"Mwambie zilioni, dada," mjomba alisema kwa sauti ya chini, na safari hii hakuwa anatania.

"Mmoja," mama alisema.

"Wengine wako mjini?"

"Mmoja. Huyu hapa, aliyebeba mlango."

Sikuwahi kumsikia akisema kibao tena, wala tele. Hata mvua alikuwa akisema imenyesha mara mbili, mara tatu. Maji ya bwelele tuliyafuata mtoni, na safari ilikuwa ndefu kuliko ya kisima cha zamani.

Baada ya mavuno mjomba alikuja na habari kwamba stesheni ya Kilosa wanatafuta kijana aliyesoma. "Toka nje, mwali. Nafasi hii hairudi."

Mama alikuwa akitwanga nyuma ya nyumba. Mchi ukasimama.

Nikamwambia mjomba kwamba nitafikiri. Mchi ukaendelea.

Bado nafikiri.