Binti wa Mfalme Aliyekufa Njiani

Bibi yangu alipopofuka, nikawa namsomea kila alasiri, barazani kwetu Raskazone. Kitabu kilikuwa cha Kiingereza, kinawahusu mabinti wa wafalme wa kale wa Uingereza, nami nikimfasiria. Alisikiliza kama aliyelala, vidole vikitembea juu ya tasbihi.

Siku moja tukafika kwa binti aliyepelekwa kuolewa ng'ambo ili baba yake apate udugu na mfalme mwingine. Alisafirishwa pamoja na magauni ya hariri na mapazia ya kitanda chake.

"Alifika?" bibi akauliza.

"Hakufika, Bibi. Tauni ilimuua njiani."

"Maskini, mtoto wa watu."

Akasogeza punje chache za tasbihi. Kisha akasema, "Mimi nilifika. Nilitolewa Kigombe kuja kuolewa na mtoto wa ami yangu, mashamba yasitoke kwenye ukoo. Sikuwahi kumwona. Mama hakulia. Alinirekebishia buibui tu, akarudi ndani."

Nimelelewa na bibi, na habari hiyo sikuwahi kuisikia. Nikamuuliza kama alimpenda babu.

"Baadaye sana," akatabasamu. "Alikuwa mpole. Lakini mwanzoni, kila nikifumba macho, niko Kigombe, namsikia mama akitwanga."

Nikafunga kitabu. Upepo wa bahari ulikuwa ukichezea mtandio wake. Akanipapasa uso taratibu, kutoka paji hadi kidevu, akaniita mama kwa sauti ya kitoto, nami nikaitika.