Tumbo la Wifi Fadhila

Wifi yangu Fadhila ni mke wa kaka yangu Abdulmajid, na hapa kijijini Maore hakuna anayemshinda kupandikiza mpunga. Mtu wa vicheko huyo! Mtanie kwamba mstari wako umenyooka kuliko wake, atakurushia tope. Lakini kwenye arobaini za watoto wa wenzake alikuwa akiosha vyombo nyuma ya nyumba, akimaliza anakwenda zake. Miaka yote ya ndoa hakujaliwa mtoto.

Mwaka huu tumbo likaanza kutokeza. Kwetu mimba haitajwi. Watu wanaiona na kunyamaza, wakiogopa kijicho. Basi tukanyamaza. Mama akawa anamchemshia uji, naye Fadhila akajifunga khanga, akasema kliniki ataenda mimba ikikua. Kunyamaza gani huko, jamani! Mashavu yanakonda, tumbo linakua, sisi tunakonyezana kwa furaha. Mficha maradhi kilio humuumbua, lakini wifi yangu hata hakujua kwamba anaficha maradhi.

Aliposhindwa kula, nilikasirika, nikamburura mpaka hospitali, Same mjini. Dada wa altrasaundi, Honorata, akampaka jeli tumboni, akapitisha kifaa chake. Fadhila akageuza shingo kutazama kioo.

"Wa kike au wa kiume, dada?"

Honorata akapitisha tena, kisha akamwita daktari.

"Mama, kwenye kizazi hakuna mtoto," daktari alisema. "Huu ni uvimbe kwenye ovari, vile vifuko vya mayai, pande zote mbili. Na haya meusi ni maji. Inabidi upasuliwe Moshi, upesi, ndipo tujue ni uvimbe wa aina gani."

"Anacheza, daktari. Hata jana amecheza."

"Ni utumbo wako, mama."

"Mkishatoa, nitazaa?"

"Hapana, mama."

Akaanza kujifuta jeli kwa khanga, polepole mno, mpaka nikamnyang'anya nikamfuta mimi. Roho iliniuma, nikawa namfokea tu kwa kukosa la kusema. Kwenye basi akanishika mkono.

"Wifi, kaka yako mwambie wewe. Mimi siwezi."

Nilimkuta Abdulmajid shambani, anaziba mfereji. Nikamweleza yote, huku nimejiandaa kumrukia akianza kuulizia mtoto. Jembe likamponyoka.

"Atapona?" akauliza.

Nikaangua kilio palepale kwenye tuta. Siku nzima ile, hospitalini na njiani, Fadhila mwenyewe hakuwa ameuliza hilo.