Siku Tuliyokandika Uwanja Kama Sakafu

Siku ile tulikuwa sita. Alikuwepo Baba Mdogo, aliyetoka kwenye shamba lake la mahindi huko Chekalini. Shangazi Rispa wa Butere. Kukhu Roseta, bibi jirani, aliyekuja kuchukua sufuria zake. Ndugu zangu wawili, Shikuku na Ayuma. Na mimi kifungua mimba, mwenye miaka kumi na mitano na sare ya shule niliyokuwa nimeshaikunja na kuifungia sandukuni. Baba alikuwa ametangulia miaka mitatu kabla. Mama tulikuwa tumemzika wiki moja kabla, katikati ya mvua ndefu.

Nyinyi wa rika langu mnajua matanga ya enzi zetu yalivyoacha uwanja. Mafahali waliletwa wakiimbiwa, wakazungushwa kaburi, na watu wakacheza ngoma ya isukuti nyuma yao mpaka jioni. Na udongo wetu hapa Kakamega ni mfinyanzi: ukilowa unamvua mtu viatu, ukikauka unavunja mpini wa jembe. Nyasi ya Mama, iliyokuwa fupi na nzito hata ukianika mtama juu yake haupotei, ilikuwa imekwisha. Kila unyayo wa fahali ulikuwa kisima kidogo, na vyura walikuwa wamekwisha hamia.

Baba Mdogo alivitazama vile visima akashusha pumzi. "Boma likiota kichaka watu husema hapa hakuna mtu," akasema. "Nitarudi Desemba. Nikipata kichaka, Shikuku anakuja kwangu, Ayuma anaenda Butere. Wewe tutaona."

Hakusema kwa ubaya. Alikuwa na watoto wanane wake mwenyewe. Lakini Ayuma alinishika sketi, hakuiachilia mpaka tulipolala.

Ajabu ni kwamba udongo huo huo ndio uliokuwa rafiki yetu. Tuliufinyanga tukapata lori, redio na ng'ombe wenye pembe za miiba. Mvua ikinyesha tulikalia magamba ya mgomba na kuteleza kutoka kwetu hadi kijitoni, Mama akipiga kelele kutoka jikoni, "Hizo nguo mtafua na machozi!" Januari ulipasuka nyufa zilizomeza gololi zetu, na naamini ziko chini huko hadi leo. Na kila Ijumaa tulibeba kinyesi cha ng'ombe kwenda shule kukandika sakafu za madarasa. Leo ukimwambia mtoto abebe kinyesi, anakuuliza kama ni adhabu.

Basi sisi tulikuwa mafundi wa kukandika. Tukakaa tukashauriana, tukaona dawa ya visima vile ni hiyo hiyo. Tulichanganya kinyesi na mfinyanzi, tukajaza mashimo, tukapiga kwa miguu na kusawazisha kwa viganja siku tatu nzima. Uwanja ukapendeza! Uling'aa kama sebule ya mchungaji.

Kisha mvua ikanyesha. Maji hayakuwa na pa kwenda, yakatulia pale mlangoni kama bwawa. Bata wa Kukhu Roseta waliyaona wakaja kuogelea, naye akaja akifuata bata.

"Nani aliwafundisha kukandika nje?" akauliza. "Mnataka kulalanga hapa?"

"Kukhu, tulitaka iwe laini," Shikuku akasema.

"Imekuwa laini. Sasa leteni kitanda."

Alicheka mpaka akaketi juu ya kinu. Alipomaliza kucheka akatufundisha. Tusiguse kitu mpaka mvua ipungue. "Huu udongo ukilowa haukanyagwi, ukikauka haulimwi. Ushike siku ile unavunjika mkononi kama obusuma, ugali uliolala."

Siku hiyo ilifika mwisho wa Julai. Tulitoboa uwanja wote kwa jembe la uma, kila hatua shimo, mpaka viganja vikatoka malengelenge. Tukamwaga mchanga wa kijitoni na samadi kavu, tukafagia viingie mashimoni ili maji na hewa vipate njia. Agosti mvua za pili zilipoanza, Kukhu alitwaa panga akakata nyasi yake mwenyewe pamoja na udongo wake, vipande kama mikate, na sisi tukavibeba kwa ungo. Alikata mpaka mbele ya mlango wake pakabaki upara.

Nikafungua mdomo kushukuru. Akaniziba kwa kiganja chenye tope. Kwetu anayepewa mche hasemi asante, hautashika.

"Utanirudishia siku mafahali wakikanyaga kwangu," akasema.

Nilijua ni siku gani anaisema.

Nyasi ilishika. Oktoba ilikuwa imeshikana mikono. Jua la Desemba lilipokaribia, Kukhu alituonya tusiikate chini sana: "Ichaneni, msiinyoe." Tukaiacha ndefu kidogo iufunike udongo usipasuke, na maji ya kuoshea vyombo tukayamwagia pale palipokuwa na rangi ya ugonjwa. Ayuma alifukuza mbuzi kwa matusi ambayo sikujua aliyatoa wapi.

Baba Mdogo alirudi siku mbili kabla ya Krismasi. Alizunguka uwanja wote. Akavua viatu. Akalala chali kwenye nyasi, kofia usoni, akakoroma mpaka chai ikapoa.

Alipoamka akauliza, "Anayefyeka ni nani?"

"Shikuku anafyeka, Ayuma anafagia, mimi nasimamia."

"Haya. Endelea kusimamia."

Ndivyo tulivyobaki pamoja. Sikurudi shule, lakini hao wawili walisoma hadi mwisho.

Siku hizi mambo ni mengine. Watoto wa Ayuma waliniuliza nyasi inanunuliwa duka gani. Mtoto wa Shikuku aliletewa mashine ya kukatia, akaisukuma uwanjani mwezi wa Mei udongo ukiwa mbichi, ikazama hadi injini. Tuliivuta watu wanne kwa kamba ya ng'ombe. Pasaka iliyopita Shikuku mwenyewe alikuja kutoka Nairobi na picha kwenye simu. "Dada, watu wanaweka kabro, haya matofali ya saruji. Hakuna kufyeka, hakuna tope." Ni kweli, ni safi. Lakini hakuna mtu atakayelala chali juu ya kabro, kofia usoni. Na kabro haikatwi kwa panga ikapelekwa kwa jirani. Nikamwambia angoje.

Kukhu Roseta yuko. Macho yamefifia na bata walikwisha zamani, lakini kila Jumamosi nikienda kumtazama lazima aulize.

"Nyasi yangu iko?"

"Iko, Kukhu."

"Nzito?"

"Nzito."

"Kaa nayo kwanza," anasema, "na hii chai mbona haina sukari?"