Bakuli Kwenye Kaburi la Jomvu Kuu

Alhamdulillahi, Mola aliyetupa umri na akatuachia kumbukumbu.

Majuzi mjukuu wangu Rukia, anayetafuta asili ya ukoo wetu, alinipeleka makumbusho. Ndani ya kabati la kioo nikaona bakuli la kaure lenye maua ya buluu, nikakumbuka alasiri moja ya utotoni, Jomvu Kuu.

Bibi alikuwa akifyeka majani kwenye kaburi la kale. Palinuka matope ya mikoko na ubani aliofukiza. Ukutani pa kaburi palijengewa bakuli kama lile, nami nikadhani ni la chakula cha maiti. Nikamega muhogo wangu, nikautia.

"Wafanyani, mwanangu?"

"Namlisha. Bakuli lake halina kitu."

Bibi alicheka hata akaketi chini. "Huyu hali tena. Muhogo wako ule mwenyewe."

"Kwani ni nani, bibi?"

"Ni wetu," akasema, akaendelea kufyeka. Sikuuliza zaidi.

Mwelezaji wa makumbusho alituambia kuwa mabakuli hayo yalikuwa mapambo ya makaburi ya watu wa heshima.

"Na wetu aliitwa nani, babu?" akauliza Rukia.

"Sijui, mwanangu."

Ijumaa iliyofuata nilimpeleka kaburini. Bakuli lilikuwa limeng'olewa, limebaki tundu la mviringo. Rukia alilipapasa kwa muda mrefu.

"Basi tumwombee hivyo hivyo," akasema. "Mungu analijua jina lake."

Tukainua mikono.

Nawe msomaji, Mwenyezi Mungu awarehemu wazee wako wote, unaowajua na usiowajua.